Madirisha 927 ya Hill Street

Ndugu, uliuliza lile jengo la Singapore lenye madirisha ya rangi zote lilikuwa nini zamani. Ni kituo cha polisi cha Hill Street, kilichokamilika 1934 enzi za Waingereza. Ghorofa 6, na wakati huo hilo lilikuwa jumba kubwa kwelikweli! Halikuwa ofisi tu, maana askari waliishi humo na familia zao. Madirisha yake ni 927. Rangi zilipakwa baadaye sana, polisi wameshahama: tazama picha vizuri, zimepangana kama upinde wa mvua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ua wa katikati sasa umeezekwa kwa kioo. Tangu 1998 linalindwa kama urithi wa taifa, na kwa hilo nawapongeza sana.