Mpare alinitembeza Uru, na mume wangu akamlipa

Swali lenu la wiki hii, "Mgeni akija kwa siku moja tu, utamtembeza mwenyewe au utamkodia mwongozaji wa peke yake?", nililisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, na kabla sijafika dirishani nilikuwa nimeshalijibu kichwani kwa hasira. Kwetu simkodii mtu. Mimi ni binti wa Uru, Moshi, kihamba cha baba, yaani shamba letu la ukoo, kipo na makaburi ya wazee yapo mgombani. Nimlipe nani anionyeshe migomba?

Nieleweke. Sizungumzii kupanda mlima Kilimanjaro, maana kule huendi bila mwongozaji mwenye leseni, ndiyo sheria ya hifadhi. Sizungumzii Serengeti pia. Nazungumzia ile siku moja ya kuzunguka: asubuhi maporomoko ya Materuni, mchana kahawa, wengine wanaongeza mapango ya Marangu au kuogelea Chemka, jioni mtu amerudi mjini na picha mia mbili kwenye simu. Na kinachonisumbua si fedha. Ninachojiuliza mimi ni kitu kingine ambacho hamkukiuliza: mwongozaji aruhusiwe kusema nini wakati mwenye kwao amekaa kiti cha nyuma anasikiliza?

Niwape mfano wa Desemba iliyopita.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Pangani, karani mstaafu wa shamba la mkonge. Tangu nimeolewa na mwanawe alikuwa hajakanyaga Moshi. Tulipokuwa tunapanda nyumbani kama kawaida yetu ya mwisho wa mwaka, nikasema safari hii mzee naye aje aone mwanawe alikoolea. Kaka yangu mwenye gari akapata msiba Rombo upande wa mkewe. Mume wangu alikuwa amebaki Dar kufunga hesabu za mwaka za watu. Basi bila kuniuliza, akamtafuta kijana kwa simu, akamlipa laki moja na nusu: gari, mafuta na maelezo, siku nzima, tukiwa sisi peke yetu. Viingilio vya kijiji na chakula juu yetu.

Saa mbili asubuhi Noah iko getini. Kijana akashuka, akampa mzee shikamoo kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Usangi, mzee. Upareni."

Nilinyamaza, lakini nyinyi wa kaskazini mnajua nilichofikiri. Yaani katika vijana wote wa Moshi, mume wangu amenitafutia Mpare wa kunifundisha Uchagga, na kwa jinsi Wapare wanavyotaniwa kwa kupenda kesi, tukigombania malipo simshindi. Mzee akakaa mbele, mimi nyuma na binti yangu wa darasa la tano, tukapandisha Uru.

Maporomoko nayapita haraka. Yanapendeza, maji ni baridi kuliko unavyotegemea, njia ilikuwa na utelezi wa Desemba, na mzee wa miaka sabini na kitu alifika nusu akasema ameyasikia mlio inatosha. Kijana hakumlazimisha. Alimkatia fimbo, akamkabidhi kwa mwenzake arudi naye polepole, sisi tukamalizia kushuka. Kibo, kilele cha mlima, ilijitokeza kidogo tu, ikajifunika.

Kasheshe ilikuwa kwenye kahawa. Mnaijua ile ratiba: kibanda cha majani ya migomba, kinu, mchi, mafiga, vijana watatu wanapokezana kutwanga huku wakiimba na kupiga makofi, mgeni naye anapewa mchi apigwe picha. Mwenye kihamba, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Kijana wetu akasimama katikati, akaanza. Kwamba sisi hapa tunakunywa kahawa hii tangu enzi za mababu. Kwamba asubuhi Mchagga hatoki kwenda shamba bila kikombe cha kahawa.

Nikamwangalia yule bibi. Pembeni ya kigoda chake kulikuwa na kikombe cha bati, na ndani yake chai ya maziwa.

Hapa lazima niseme kwa wasiojua. Kahawa kwetu ilikuja na wamisionari, Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Haikuwa kinywaji. Ilikuwa kodi, bati la nyumba, ada. Wakulima walipoanzisha chama chao mwaka 1925, na 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, walikuwa wanapigania bei, hakuna aliyekuwa anapigania kikombe. Kwa bibi yangu mzaa baba tulimenya kwa mashine ya mkono, tukaloweka, tukaosha, tukaanika kwenye vichanja, halafu sisi watoto tukakaa chini kuchambua mbovu mpaka macho yanauma. Mvua ikinyemelea, mtoto anayecheza mbali alikuwa anachapwa. Gunia likijaa linabebwa kwenda chama cha msingi, na ndani ya nyumba haibaki hata kijiko. Kunywa kahawa kwa bibi ingekuwa sawa na kutafuna daftari la shule la mtoto. Mpaka anakufa alikuwa mtu wa chai. Na wala hatukuwahi kuimba. Nani angeimba na ile shingo inavyouma?

Sasa katika kibanda kile mnywaji wa kahawa alikuwepo, na alikuwa mmoja tu: mzee wangu wa Pangani. Watu wa pwani ndio wanaoijua kahawa. Baada ya alasiri barazani, dele, lile birika la kahawa, juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na sikio, tangawizi, kashata, na siasa. Mzee ameinywa hivyo miaka yote ya utu uzima wake. Alikuwa ametulia akitazama kikaango, mara akasema kwa upole:

"Mwanangu, hiyo unaitoa bado. Irudishe motoni."

"Mzee, huwa tunaitoa hapa hapa, wageni wanaipenda hivi."

"Kwenye mlima huu mimi mgeni. Kwenye kahawa siyo."

Yule bibi akacheka mpaka akashika mbavu, maana Kiswahili chake kilitosha kabisa kuipata hiyo. Kijana akatazama huku, akatazama kule, akairudisha kahawa motoni. Mzee akaomba tangawizi. Bibi akamtuma mjukuu nyuma ya zizi. Mzee akapandisha kanzu, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akawa anaelekeza: punguza kuni, koroga, usiache, sasa epua. Wale waimbaji wakaacha kuimba wakawa wanatazama. Ikatwangwa, ikachemshwa na tangawizi iliyopondwa kwa jiwe, na kila mtu akapewa kidogo kwenye vikombe vikubwa kupita kiasi, jambo ambalo mzee alilisikitikia. Bibi akaonja. Akakunja uso. Akaniuliza kwa Kichagga: ina maana hiki ndicho walichokuwa wanatulipa hela miaka yote? Kisha akarudi kwenye chai yake.

Nilipopata nafasi nikamvuta kijana kando. "Mdogo wangu, Mchagga hakuwa anakunywa kahawa."

"Dada, najua," akasema. "Lakini mgeni akishatoka mbali mpaka hapa, hataki kusikia chai."

Jibu hilo liliniudhi kuliko uongo wenyewe, na linaniudhi mpaka sasa ninapoandika. Angekuwa hajui ningemsamehe. Yeye anajua, ila amepima akaona uongo unauzika. Na wala hauuziki zaidi! Watu waliolima kitu vizazi vitatu wakasomesha watoto kwacho bila kukionja, hiyo ni hadithi kubwa kuliko makofi na mchi. Mzungu angeisikia angenunua pakiti mbili. Wale vijana wa kutwanga siwalaumu, wanapata riziki, na bibi yule kwa maelezo yake mwenyewe analipwa kwa kila kundi linaloingia kihambani kwake, wakati kilo ya kahawa kuna miaka haikurudisha hata gharama ya dawa ya mibuni. Hilo nalijua vizuri. Ndiyo maana baba alikata nusu ya mibuni yake akapanda migomba na parachichi.

Niseme na mengine kwa haki. Chakula cha mchana, kijana alikuwa amepiga simu siku moja kabla kuuliza mzee anakula machinjo ya nani, na nyama ikaja ya Mwislamu bila mzee kulazimika kuuliza mbele za watu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipoletwa aliipitisha upande wangu kimyakimya kama vile haikuwepo. Kaka yangu, nampenda, lakini angemjazia mzee kata na kumwambia hii ni uji tu.

Halafu Old Moshi. Kwenda kule hakukuwa kwenye mpango. Mzee ndiye aliyeuliza njiani kama kuna mahali pa kale pasipo na kuimba. Kijana akacheka, akageuza gari, akatupeleka kwenye mti wa Mangi Meli, yaani Meli aliyekuwa mtawala wa Old Moshi.

Pale alikuwa mtu mwingine. Hakupaza sauti. Alieleza jinsi Meli, mwana wa Rindi, alivyowapiga Wajerumani mwaka 1892 na afisa wao von Bülow akafa, jinsi walivyorudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa, na jinsi tarehe 2 Machi 1900 walivyomnyonga pamoja na viongozi wengine, akiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Kwamba inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwamba mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, amekitafuta kwa miongo. Kwamba mwaka 2023 Berlin walitangaza mafuvu matatu yaliyolingana vinasaba na ndugu walio hai huku kwetu Tanzania, na la Meli halikuwemo. Hakuongeza chumvi. Mahali ambapo wazee wa kijiji wanatofautiana alisema wanatofautiana, akataja kila upande unasemaje.

Mimi shuleni nilimjua Mkwawa, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Nilimjua Kinjeketile. Meli nilimsikia kwa juujuu, tena kwetu Uru habari za umangi wa Old Moshi hazikuwa za kusimuliwa kwa mapenzi. Lakini Mpare wa Usangi ndiye aliyenisimamisha chini ya mti ule.

Mzee alisoma Fatiha. Kisha akasema, "Na sisi Pangani walimnyonga Abushiri. Desemba 1889. Wajerumani hao hao." Kijana akatoa simu akaanza kuandika, anauliza, mzee anajibu: Abushiri bin Salim alikamatwaje, alisalitiwa na nani, watu wa Pangani wanasimuliaje. Njia nzima ya kurudi mjini wawili wale walikuwa Pangani, mimi na binti yangu tumesahauliwa kiti cha nyuma, na sikuona vibaya.

Nikisoma nilipoanzia naona moto umepungua. Sijui kama umepunguzwa na huyo kijana au na mzee wangu, maana bila mzee siku ile ningerudi na wimbo wa kinu masikioni na hasira. Labda sifa nyingi ninazompa mwongozaji ni za mgeni. Hata hivyo kijana mwingine angemwambia mzee akae atulie anywe.

Basi jibu langu, kama bado mnalihitaji: mkodieni. Ndiyo, nimesema mkodieni, na nilianza kwa kusema sikodi. Lakini msimkodi ili mumkabidhi mgeni halafu nyie mkabaki nyumbani kupika. Mwenye kwao awemo garini, hata kama ni kwa kusahihisha tu. Mgeni akae mbele. Muulizeni mapema kijiji na mwenye kihamba wanapata kiasi gani, na akijizungushazungusha tafuteni mwingine. Msibandike Marangu, Materuni na Chemka siku moja, mtaona vumbi tu. Na kama mgeni ni wa kukaa wiki nzima, sahau yote haya, mpeleke kwa shangazi zako mmoja mmoja, hiyo ndiyo ziara.

Kuhusu Mpare wetu, wageni wangu wa Pasaka nimeshawapa namba yake. Yeye nimempigia kumwambia chai itajwe. Akaniuliza kama ikitajwa nitaongeza hela. Tunaendelea kuvutana.

Msomaji wenu, Kinyerezi, Dar es Salaam