Mwanangu, kuhusu yule bibi wa Upanga

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma mara mbili na mama yako kanisomea mara ya tatu. Unasema shoga yako anampeleka mama yake India kutibiwa wiki 3, anakuachia nyumba, paka wawili na bibi yake wa miaka 84 anayesahausahau, sasa akikupa hela upokee au ukatae manake mmekua kama ndugu. Hela tutafika. Kwanza niambie, jioni utakuwa wapi?

Mi siku zote nasema, mzee mchana hata mtoto atamwangalia, kazi ni jioni. Jua likianza kuzama mzee wa namna hiyo anavurugika, anataka kwenda kwao na kwao ndo hapohapo alipo. We kazini unatoka saa 11, na foleni ya Dar naijua, ukiwahi sana saa 1 na nusu. Hapo katikati yuko na nani?

Ile picha ya sebuleni, bibi wa Chumbageni kule Tanga na kasuku begani, we huwa unaishia kusema kasuku mzuri, sikuwahi kukuhadithia yote. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, mvua za El Niño bado zinamwagika, sina kazi, binamu zangu wakaniomba nikae na mama yao, shangazi yangu, ndo huyo bibi wa picha, mwezi mmoja. Kasuku mwenyewe wa kijivu, mkia mwekundu, wale wa misitu ya Kongo, marehemu mumewe alimpata Kigoma enzi yuko reli. Hao ndege wanafika miaka 40 na zaidi, basi mzee kafariki 1994 lakini sauti yake ikabaki kwenye tundu. Kila magharibi kinaanza kikohozi, kilekile cha sigara, halafu "Mama Saidi, fungua!" Na shangazi anainuka, anajitupia kanga kichwani, anakwenda kufungua geti. Kila siku ya Mungu.

Sasa vidato vya pale nje ni saruji, mvua ile, utelezi mtupu, mara mbili nilimdaka kiwiko anakwenda chini. Nikaanza kupaza sauti. "Kaa chini! Hakuna mtu!" Anakaa, kesho yake kasuku anaita, anainuka tena. Wiki ilipoisha nikachoka nikabeba tundu nikalipeleka kwa jirani.

Hapa ndo mpaka leo najibishana mwenyewe. Mzee wa umri ule akivunjika nyonga wengi hawasimami tena, kwa hiyo nilikuwa na haki, ningemwacha aanguke ningewaambia nini binamu zangu? Lakini shangazi alikaa mlangoni ananiuliza, "Leo mbona hajaniita, kapata ajali njiani?" Chakula hagusi, chai inapoa na utando juu. Siku ya 5 nikamrudisha kasuku, namkuta kajinyonyoa manyoya ya kifuani ngozi iko nje, ndivyo wanavyofanya wakisononeka, na hatoi hata mlio. Zikapita kama siku 10. Jioni moja niko uani nachambua mchele nasikia ndani sauti ya kijana, kali, "Kaa chini! Hakuna mtu!" Ilikuwa sauti yangu, mwanangu. Nikakimbilia ndani, shangazi alishainuka, kanga iko mkononi, na nikimwangalia hivihivi akarudi akakaa, polepole, akaanza kuikunja ile kanga mapajani, anaikunja, anaikunjua. Ile ya Mama Saidi sikuisikia tena mpaka naondoka.

Na ilikuwa kazi ndogo tu, ningemshika mkono tukaenda wote getini, tukachungulia, tukarudi. Dakika 5. Nakwambia kazi ni jioni.

Haya, mengine haraka. Dawa zote za bibi ziandikwe na saa zake, ujue na kama zipo za sukari, manake akizimeza asile halafu uone anatetemeka na jasho, mpe kitu cha sukari kwanza na upige simu kwa daktari. Maji usingoje aombe, wazee kiu inawapotea. Paka hakikisha hawalali njiani kuelekea chooni, taa ya usiku iwake. Na vidonge vikidondoka okota vyote, paracetamol kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Kuhusu hela, jibu ninalo na mama yako kanikataza, anasema umri wako nilishalea wawili bila kuuliza mtu. Kwa upande mmoja mkono unaopokea hela unapangiwa saa, na sitaki upangiwe saa na shoga yako. Kwa upande mwingine ukikataa nani atalipa msichana wa kukaa naye kuanzia saa 10 mpaka ufike? Mi ningekuwa... basi, naacha, amua mwenyewe. Ila huyo msichana apatikane, kwa hela ya yeyote.

Na kabla hawajapanda ndege muulize shoga yako, ikifika magharibi bibi huwa anamngoja nani. Akikujibu uniandikie.