Kondoo wako Garsen, laini iko kwa nani?

Mimi naishi Kisauni, kondoo wangu wanaishi karibu na Garsen kwa mavyaa. Mombasa tuko wengi wa namna hii. Ukipata vijisenti unanunua majike mawili matatu, unamwachia aliye malishoni, huku ukiisubiri Idi ya kuchinja.

Serikali ilipoanzisha bima ya mifugo mwaka 2015, ilianzia Turkana na Wajir, kisha ikafika kaunti nane, Tana River, iliko Garsen, ikiwemo. Familia iliyoandikwa ililipiwa ada yote, kwa mifugo ya kiasi cha ng'ombe watano. Kwa hesabu ya bima kondoo kumi ni sawa na ng'ombe mmoja, kwa hivyo hamsini wetu waliingia wote. Mavyaa hakuwa na simu. Alipoulizwa nambari, akatoa ya kijana wa shemeji yangu.

Mvua zikakosa. Majirani wakaanza kupokea pesa kwa simu, yeye kimya. Alinipigia mara tatu kwa simu ya jirani, na mara zote nilimwambia avumilie, serikali ina taratibu zake. (Hilo najilaumu mpaka leo.) Mwishowe nikapanda basi. Kwa chifu tukaonyeshwa orodha: mavyaa alishalipwa kitambo! Kijana yuko Malindi, pikipiki yake ina injini mpya. Simsemi sana, ni mtoto wetu, lakini kondoo kumi na wanane walikufa na nyasi hatukununua.

Kwa hivyo, ndugu yangu uliye mjini, kabla hujauliza bima inalipa ngapi, uliza laini ni ya nani. Iwe ya mwenye mifugo mwenyewe, na jina lilingane na la kitambulisho. Kwa laini ya Safaricom, piga *106# uone nambari zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake, utashangaa. Mnunulie hata simu ndogo ya mulika mwizi. Na kama nambari inahitaji kubadilishwa, nenda kwa afisa wa mifugo mapema, mbuga zikiwa bado za kijani. Kiangazi kikishauma, foleni yake huiwezi.

Jambo jingine, ambalo nami lilinipita: bima hii hailipi mzoga. Nilikwenda na picha za kondoo waliokufa, afisa akacheka kwa upole. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, walioandikwa eneo hilo hulipwa, awe amefiwa na kondoo au hakufiwa. Lakini malisho yakiwa mazuri na wako wakafagiliwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, hupati hata shilingi. Hiyo ni kazi ya chanjo. Pesa zenyewe zimekusudiwa kununua nyasi, maji na dawa wakati mnyama bado anasimama. Ukizipata, usizihifadhi za karo.

Siku hizi mfugaji naye huchangia sehemu ya ada. Watu wananung'unika, mimi nimeona afadhali. Aliyetoa pesa yake huuliza maswali, na huweka risiti.

Mavyaa sasa ana simu yake, huifunga kwenye pindo la leso. Juzi nilimwuliza namba ya siri nimsaidie kuangalia salio. Akaniambia nimpitishie simu, ataangalia mwenyewe.