Siku mbili za kutazama ndege Amani

Mara ya kwanza nilipopanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, nilitembea msituni tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikarudi na majina saba tu kwenye daftari. Ndege nilikuwa nimewasikia mchana kutwa, juu yangu na nyuma yangu na ndani ya vichaka vya kandokando ya njia, lakini kila niliposogea ili niwaone vizuri walinyamaza. Tangu hapo nimerudi mara tatu, kila mara kwa siku mbili, na ninayoandika hapa yanamhusu msomaji ambaye naye ana siku mbili tu na asingependa kuzipoteza kama nilivyoipoteza ile ya kwanza.

Aliyenifundisha ni mwongoza wageni, mzee wa Kisambaa, katika safari yangu ya pili. Tulipofika kwenye kona moja ya barabara alisimama, akaniambia, “Keti hapa mwanangu, wenyewe watakuja.” Nilidhani amechoka. Tulikaa karibu saa nzima bila kuona kitu, kisha kwa dakika kumi hivi miti ikajaa ndege wadogo wa kila namna, wengine wakichokoa magome, wengine wakipekua majani, wengine wakidaka wadudu waliorushwa na wenzao, halafu kimya kikarudi kama kilivyokuwa. Ndivyo ndege wengi wadogo wa msitu wa mvua wanavyojitafutia chakula: huandamana kwa makundi ya mchanganyiko, aina nyingi pamoja, yakizunguka eneo lao siku nzima. Anayetembea huku na huko hupishana nayo, ilhali aliyetulia mahali pazuri hupitiwa nayo.

Mahali pazuri ni wapi? Wageni wengi hukimbilia katikati ya msitu, palipo giza, nami nilifanya hivyohivyo. Ushauri wangu ni kuanzia ukingoni: kando ya barabara, pembezoni mwa mashamba ya chai, au karibu na miti iliyopandwa na watafiti wa Kijerumani baada ya kituo chao kuanzishwa hapo mwaka 1902. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, hivyo vilele vya miti iliyoota bondeni hulingana na macho yako. Chozi wa Amani, ndege mdogo ambaye nchini Kenya hupatikana msitu wa Arabuko-Sokoke, hula juu kabisa, na ukimtafuta ukiwa chini ya mti utaondoka na maumivu ya shingo. Mimi nilimwona nimekaa kwenye jiwe, akiwa mbele yangu.

Ukingoni pia ndiko anakoishi ndege ambaye wataalamu wengi husafiri mbali kumfuata. Ni ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye mitambaazi iliyosongamana, na jina lake la kisayansi, Artisornis moreaui, linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Nje ya Usambara Mashariki anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu, naye yumo hatarini kutoweka. Kwa ajili yake ninakusihi usipige sauti zilizorekodiwa kwenye simu ili ajitokeze. Ndege akisikia sauti ya mwenzake hudhani amevamiwa, huacha kula au kulea makinda, akaja kupigana na kitu kisichokuwepo. Na ikiwa kila mgeni anayepita atafanya hivyo kwenye kichaka kilekile, mwishowe ndege huyo atakihama. Nilimsikia mara mbili kabla ya kumwona, na kumsikia kulinitosha.

Ukiingia ndani ya msitu, jihadhari na siafu, lakini usiwakimbie moja kwa moja. Ingiza suruali ndani ya soksi, simama hatua kadhaa pembeni ya msafara wao, na utulie. Siafu wanaposonga, panzi, mende na buibui hutoka mafichoni mbio, na kuna ndege wa chini ambao huwafuata siafu ili kuwadaka hao wanaokimbia. Ni ndege waoga mno, ambao kwa kawaida utaona mkia tu ukipotea gizani. Mbele ya msafara wa siafu niliwatazama wawili, mmoja wa rangi ya kutu na mwingine mwenye kifua cheupe, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutarajia.

Muulize mwongozaji wako pia ni mti gani una matunda yaliyoiva wiki hiyo. Chini ya mkuyu wenye matunda unaweza kukaa asubuhi nzima, ukiwaona kulukulu na hondohondo, ambao mvumo wa mabawa yao hutangulia kufika. Hondohondo hupenda pia matunda ya musizi, mti uliopandwa hapo kwa ajili ya mbao na ambao si wa msitu huo. Wanapobeba mbegu zake huueneza ndani ya hifadhi, jambo linalonihuzunisha kila ninapowatazama wakila kwa furaha.

Kuhusu vifaa, chukua darubini inayokuza mara 8 badala ya 10, kwa sababu chini ya miti mwanga ni haba na ndege hawatulii. Mwavuli unafaa kuliko koti la plastiki, ambalo hutoa kelele kila unapoinua mkono. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa ajili ya barabara.

Siku ya pili, usibaki juu. Teremka hadi Sigi, penye jengo la kituo cha reli ya zamani, ambako joto ni zaidi na ndege wengine ni tofauti na wa Amani. Fika mapema, kabla jua halijaingia bondeni, utafute jiwe linalotazama mto, na ukae.