Machiavelli: wengi wanakomea kwenye "bora uogopwe"

Mkuu umeuliza kama The Prince ya Machiavelli, mwandishi wa Italia wa miaka 500 hivi iliyopita, ni kitabu cha kufundisha udikteta na kama kinamfaa mtu anayetaka kuingia siasa. Mimi nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye timu ya mgombea mmoja wa udiwani, jina tuache, bosi alikuwa anatembea nacho kwenye gari na kila kikao lazima atupie ile ya bora uogopwe kuliko upendwe. Sasa sura hiyohiyo ya 17 haiishii hapo, jamaa anasema kama huwezi kupata vyote viwili basi kuogopwa ni salama zaidi, ILA usichukiwe, na njia anakupa: usiguse mali za watu wala wake zao, maana mtu anasahau kifo cha baba yake mapema kuliko kunyang'anywa urithi. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi huku kwetu hawezi kubisha.

Halafu Machiavelli hakuwa mtu wa kukaa maktaba akatunga. Kuanzia 1498 mpaka 1512 alikuwa ofisa wa Jamhuri ya Firenze (Florence, mji wa Italia), anatumwa huku na huku, na mwishoni mwa 1502 alikuwa kambini kwa Cesare Borgia, mtoto wa Papa Alexander VI (ndiyo, Papa alikuwa na watoto). Cesare kateka Romagna, eneo la Italia, nchi imejaa ujambazi, akamweka mkatili mmoja anaitwa Remirro de Orco awanyooshe. Wakanyooka kweli ila chuki ikapanda, basi asubuhi ya tarehe 26 Desemba watu wa Cesena, mji wa hukohuko, wanaamka wanamkuta Remirro uwanjani kakatwa vipande viwili, pembeni kisu kina damu. Yaani Cesare anawaambia ule ukatili haukuwa wangu. Siku chache mbele, kwenye mji wa Senigallia, akawaita makamanda waliomfanyia njama eti tupatane, wawili wakanyongwa usiku uleule.

Ukisoma hapo unasema Cesare hashikiki. Agosti 1503 baba yake akafa na yeye mwenyewe yuko kitandani hoi, akakubali kumuunga mkono adui wa familia yao awe Papa Julius II kwa kuahidiwa cheo, akageukwa vibaya sana. Machiavelli aliyemsifia kurasa nzima anasema wazi hilo ndilo kosa lililommaliza, kwamba wakubwa hawasahau ulichowafanyia jana kwa sababu ya fadhila za leo. 1507 Cesare akafa kwenye mapigano madogo huko Navarra. Kwangu mimi nyama ya kitabu iko hapa, mfano wake bora wa kushika madaraka ni mtu aliyeyapoteza.

Kingine ni mamluki, anasema jeshi la kukodi halina maana na ni hatari, wakati wa amani linakupora lenyewe, wakati wa vita anakupora adui. Bosi wetu hiyo sura sidhani kama aliigusa, wapambe wote walikuwa wa posho, posho ilipokata wiki ya mwisho tukawaona wamevaa tisheti za upande wa pili, kura za maoni hakupita. Japo tuseme ukweli, Machiavelli naye aliunda jeshi la raia, lilisaidia kuurudisha mji wa Pisa mikononi mwa Firenze 1509 lakini 1512 pale Prato, karibu na Firenze, likakimbia mbele ya Wahispania, Medici, ukoo uliokuwa ukitawala Firenze zamani, wakarudi, yeye akapigwa chini, 1513 akafungwa na kuteswa. Mwaka huohuo ndo akaandika hiki kitabu, baadaye akakielekeza kwa haohao Medici, ki ukweli alikuwa anaomba kazi.

Anza na sura ya 7, kisha 15 mpaka 19. Za mwanzo kuhusu aina za tawala pitia harakaharaka tu. Na kabla hujamwita baba wa udikteta tafuta kitabu chake kingine, Discorsi, kitabu cha kwanza sura ya 58, humo anatetea kwamba umma una busara na msimamo kuliko mtawala mmoja.