Grand Canyon si sehemu moja: jibu kwa anayetaka kuimaliza kwa siku moja akitokea Las Vegas

Ndugu mleta mada, nimesoma ratiba yako pamoja na michango iliyofuata. Umeandika kwamba mwezi Desemba utafikia kwa shemeji yako Las Vegas, na kwamba kwa siku moja ungependa kuona Bwawa la Hoover asubuhi, kupita juu ya daraja la kioo, kupiga picha Horseshoe Bend (pale mto unapojipinda kama kiatu cha farasi) mchana, kisha kutazama machweo ukiwa Ukingo wa Kaskazini wa Grand Canyon. Wachangiaji wengi wamekuunga mkono. Baadhi wameongeza kwamba korongo hilo lipo jimbo la Colorado, mwingine amesema Nevada, mwingine kwamba ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani, na wa mwisho kwamba kwa kuwa ni jangwani, nguo nyepesi zinatosha. Mimi naishi Phoenix, na kazi yangu ni kuendesha gari dogo la watalii kati ya mji huu, Las Vegas na maeneo hayo, kwa hiyo mambo haya nayasikia mara kwa mara kutoka kwa abiria wa kila taifa, Wamarekani wenyewe wakiwemo. Naomba nijibu kwa kirefu.

Karibu makosa yote hayo yana chanzo kimoja, nacho ni kuidhani Grand Canyon kuwa ni sehemu moja ambayo mtu anafika, anashuka garini, anaitazama na kuondoka. Korongo hili linaanzia Lees Ferry, karibu na mpaka wa Utah, na kuishia kwenye majabali ya Grand Wash upande wa magharibi, na urefu wake kwa kuufuata mto ni kilomita 446. Huo ni karibu mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ila hapa hakuna barabara inayoambatana na mto, na hakuna daraja la magari linalovuka korongo katikati. Katika urefu huo wote, gari la kawaida linaweza kufika kando ya maji pale Lees Ferry penyewe, na kwa njia ya vumbi ya Diamond Creek inayopita katika ardhi ya watu wa kabila la Hualapai. Kwingineko unashuka kwa miguu au kwa mnyama, na siku hiyo hiyo huwezi kushuka hadi chini na kupanda tena bila kujitia hatarini.

Kuhusu jimbo, Grand Canyon yote ipo Arizona, sehemu ya kaskazini. Kinachowachanganya watu ni mto unaoichonga, ambao unaitwa Colorado na kweli unaanzia katika Milima ya Rocky ndani ya jimbo la Colorado. Kutoka huko unapita Utah, unaingia Arizona, unalipita korongo, kisha unageuka kusini na kuwa mpaka kati ya Arizona na Nevada, halafu kati ya Arizona na California, hadi Mexico, ambako siku hizi maji yake kwa kawaida humalizwa na mashamba na miji kabla ya kufika baharini. Nevada nayo huingizwa katika habari hii kwa sababu ya matangazo ya Las Vegas, ambako kila kona kuna anayeuza safari ya Grand Canyon kana kwamba ipo nyuma ya hoteli. Kutoka Las Vegas hadi kijiji cha Ukingo wa Kusini ni kama kilomita 450, yaani saa nne na nusu za kuendesha ukiwa hujasimama kula.

Sasa tuje kwenye daraja la kioo, kwa maana hapa ndipo pesa za watu wengi hupotea. Daraja hilo, Skywalk, lilifunguliwa mwaka 2007 katika eneo linaloitwa Grand Canyon West, na linamilikiwa na watu wa Hualapai katika ardhi yao. Halimo ndani ya hifadhi ya taifa, na kiingilio cha hifadhi hakikuingizi pale, wala tiketi ya pale haikuingizi hifadhini. Kutoka Las Vegas ni kama saa mbili na nusu, ndiyo maana kampuni nyingi hulipendelea. Lakini kutoka hapo hadi Ukingo wa Kusini, ule unaouona katika picha mashuhuri, ni saa nne nyingine za barabara. Kila msimu nawapata abiria waliokwenda kwenye kioo mwaka uliotangulia na kurudi nyumbani wakijua wameiona Grand Canyon ya kwenye kalenda, na sasa wanarudi kuitafuta. Si kwamba walidanganywa moja kwa moja, kwa kuwa pale ni Grand Canyon kweli, upande wake wa magharibi, lakini mandhari ni tofauti na uwazi ni mdogo zaidi. Tena kioo chenyewe hakining'inii juu ya Mto Colorado kama wengi wanavyodhani. Kinatokeza mita 21 nje ya ukingo wa korongo la pembeni, na mto unauona ukiwa mbali na chini zaidi.

Bwawa la Hoover nalo halimo Grand Canyon. Lilijengwa kuanzia mwaka 1931 katika korongo jingine kabisa, Black Canyon, mpakani mwa Nevada na Arizona, na Rais Franklin Roosevelt alilizindua mwaka 1935. Lina kimo cha mita 221, na lipo chini ya Grand Canyon kwa mwelekeo wa maji, yaani mto unapotoka korongoni unaingia Ziwa Mead, ambalo ndilo ziwa la bwawa hilo. Bwawa lililo juu ya korongo ni lile la Glen Canyon, karibu na mji wa Page, linalozuia maji ya Ziwa Powell, na hilo ndilo linaloamua hali ya mto ndani ya Grand Canyon tangu mwaka 1963. Zamani mto huu ulikuwa mwekundu kwa tope na wenye joto wakati wa kiangazi. Leo tope hubaki nyuma ya ukuta, na maji yanayotolewa kutoka kina cha ziwa hutoka yakiwa baridi sana, na mara nyingi ya kijani. Ukiona picha ya Horseshoe Bend yenye maji ya kijani kibichi, hiyo ni kazi ya bwawa.

Na Horseshoe Bend yenyewe ipo wapi? Ipo nje kidogo ya Page, kati ya Bwawa la Glen Canyon na Lees Ferry, kwa hiyo mto ukizunguka pale unakuwa bado haujaingia Grand Canyon. Ni sehemu nzuri, unasimama kama mita 300 juu ya maji, na kutembea kutoka maegesho ni mwendo mfupi. Lakini kutoka kijiji cha Ukingo wa Kusini ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka kwenye daraja la kioo ni kiasi cha saa tano na nusu. Jirani yake, Antelope Canyon, mfereji mwembamba wa mawe ya rangi ya chungwa unaosambaa sana mitandaoni, si tawi la Grand Canyon. Upo katika ardhi ya watu wa kabila la Navajo, huingii bila mwongozaji, na haukuchongwa na Mto Colorado bali na mafuriko ya ghafla. Mwezi Agosti mwaka 1997 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watalii 11 humo ndani, ilhali mvua iliyoyaleta ilinyesha mbali na mahali walipokuwa. Mwongozaji akikuambia safari imeahirishwa siku ambayo wewe unaona jua kali, usibishane naye.

Turudi kwenye ratiba yako. Bwawa la Hoover, kisha kioo, kisha Horseshoe Bend, kisha Ukingo wa Kaskazini ni kama saa 10 za usukani kabla hujageuza gari kurudi kwa shemeji, na Desemba jua huzama mapema, kabla ya saa 12 jioni. Hata hivyo tatizo kubwa si saa. Ukingo wa Kaskazini hufungwa wakati wa baridi kwa sababu ya theluji, na kwa kawaida magari hayaruhusiwi hadi katikati ya Mei. Tena mwezi Julai mwaka 2025 moto wa msitu uliowashwa na radi uliteketeza nyumba ya kihistoria ya wageni iliyokuwa pale ukingoni, kwa hiyo hata anayepanga kwenda kiangazi aulize kwanza ni huduma zipi zimerejea.

Watu wengi huona kwenye ramani kwamba kingo hizi mbili zinatazamana kwa umbali wa kilomita 16 tu, wakadhani kuna njia ya kuvuka. Kwa gari, kutoka kijiji cha kusini hadi cha kaskazini ni karibu kilomita 346, kwa sababu lazima uzunguke mashariki hadi daraja la Navajo karibu na Lees Ferry. Kwa miguu, kupitia chini na daraja la waendao kwa miguu, ni kama kilomita 34 za kushuka na kupanda.

Suala la jangwa linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kila Desemba nawapakia watu wanaotetemeka. Ukingo wa Kusini upo mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na wa Kaskazini uko juu zaidi kwa takribani mita 300. Kote kuna misitu ya misonobari, na theluji huanguka kila mwaka. Jangwa la kweli lipo chini, kando ya mto, ambako kiangazi joto huvuka nyuzi 40 wakati watu wa ukingoni wamevaa fulana na wanafurahia upepo. Ndiyo maana wanaoteremka kiangazi wakiwa na chupa moja ya maji huokolewa wakiwa hoi: wanaanza safari penye ubaridi, joto linaongezeka kadiri wanavyoshuka, na sehemu ngumu ya kupanda inabaki mwishoni. Wewe utakuja na koti zito, kofia na viatu visivyoteleza, maana barafu hukaa kwenye vijia vya ukingoni asubuhi nzima.

Kuhusu kina, Grand Canyon ina wastani wa mita 1,600, na sehemu nyingine zinazidi 1,800. Ni kirefu, lakini Hells Canyon katika mpaka wa Idaho na Oregon inaishinda ndani ya Marekani hiyo hiyo, na korongo la Yarlung Tsangpo huko Tibet linaishinda kwa mbali. Pia si bonde la ufa kama alivyoandika mchangiaji mmoja. Bonde letu la Ufa limetokana na ardhi kuvutwa pande mbili na sehemu ya kati kudidimia. Huku nyanda ziliinuliwa, na mto ukakata kwenda chini kwa muda wa miaka milioni 5 au 6, jambo linaloshangaza kwa kuwa mawe ya chini kabisa yana umri unaozidi miaka bilioni 1.7. Hata mawe ya chokaa ya juu ukingoni, yenye miaka kama milioni 270, yalikuwepo kabla ya dinosaria, hivyo watoto wasiahidiwe mifupa ya dinosaria humo. Wataona visukuku vya viumbe vya baharini.

Mambo mawili mengine niyapitie haraka. Mnara wa mawe wa Desert View, upande wa mashariki wa Ukingo wa Kusini, si gofu la kale la wenyeji. Ulisanifiwa na Mary Colter na kukamilika mwaka 1932. Na maporomoko ya Havasu, yale ya maji ya buluu, yapo katika ardhi ya kabila la Wahavasupai na hufikiwa kwa kibali na mwendo mrefu wa miguu, wala hayapo Lake Havasu City. Abiria wangu mmoja alikuwa amelipia hoteli katika mji huo akiyatafuta, akajikuta anatazama daraja la London lililonunuliwa na kusafirishwa kutoka Uingereza na kufunguliwa pale mwaka 1971. Alipiga picha nyingi tu, lakini maporomoko hakuyaona.

Ushauri wangu ni huu. Ukiwa na siku moja tu, chagua: ama Bwawa la Hoover pamoja na kioo, ama Ukingo wa Kusini peke yake. Ukiweza kulala usiku mmoja Williams au Flagstaff, miji iliyo kusini mwa korongo, nenda Ukingo wa Kusini mchana, lala, kisha siku ya pili pitia Desert View hadi Page uone Horseshoe Bend na kurudi Las Vegas kupitia Utah. Desemba barabara ya Hermit kule Ukingo wa Kusini inaruhusu magari binafsi, ambayo miezi mingine mingi hayapiti, na kituo chake cha kutazamia, Hopi Point, ni pazuri kwa machweo. Vibao vyote vinasoma maili, kwa hiyo usione 80 ukafurahi. Mwisho, wakati wa baridi Arizona ipo mbele ya Nevada kwa saa moja: ukitoka Las Vegas saa 2 asubuhi, upande wa pili wa Bwawa la Hoover tayari ni saa 3, na safari ya kuongozwa uliyolipia Page haitakusubiri.