Mbona gari la NASCAR linapita 300 Talladega, Martinsville linatambaa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nafuatilia mbio za NASCAR za Marekani. Kwenye kiwanja cha Talladega magari yanapita kilomita 300 kwa saa, lakini kile cha Martinsville wastani hata 160 ni kwa shida. Je, wanabadilisha injini?

Jibu: Marahaba. Usilitafute jibu chini ya boneti. Gari la kizazi kipya lilipoanza mwaka 2022, lilipewa takriban nguvu za farasi 670 kwenye viwanja vingi, lakini Daytona na Talladega 510 tu. Yaani penye mwendo mkubwa ndipo injini inapobanwa! Siri iko kwenye kona.

Chukua Martinsville na kiwanja kingine, Bristol. Urefu wa mzunguko Martinsville ni mita 847, Bristol 858. Ni kama ndugu. Mwaka 2014 dereva Joey Logano alizunguka Martinsville kwa sekunde 18.9, wastani wa kilomita 161 kwa saa. Bristol madereva hodari humaliza mzunguko chini ya sekunde 15, zaidi ya kilomita 205 kwa saa. Kona za Martinsville ni kali, zimeinama nyuzi 12 tu. Za Bristol ni kati ya 24 na 28.

Kona ikiwa tambarare, matairi peke yake ndiyo yanayozuia gari lisitoke nje. Ikiinamishwa, barabara yenyewe inalisukuma gari kwa ndani, na ndiyo maana hata kona za barabara kuu hujengwa zikiinamia ndani. Talladega imeinama nyuzi 33: hata matairi yasingeshika kabisa, mwinamo ungetoa nguvu ya kugeuza sawa na karibu theluthi mbili ya uzito wa gari. Martinsville ni kama moja ya tano tu. Na kumbuka, ukizidisha mwendo mara mbili, kona ileile inadai nguvu mara nne. Ndiyo maana Martinsville dereva hukanyaga breki mpaka diski zinawaka nyekundu, na Talladega anaweza kuzunguka bila kuachia mafuta.

Pale Talladega kinachomzuia ni hewa, na kanuni. Mwaka 1987 dereva Bill Elliott alifikia hapo wastani wa kilomita 342 kwa saa kwenye mzunguko wa kufuzu, ule wa kupanga nafasi za kuanzia. Siku chache baadaye gari la Bobby Allison lilipasuka tairi, likaruka na kuchana uzio, watazamaji wakaumia. Kuanzia 1988 injini zikapunguziwa hewa inayoingia, ili zipungue nguvu, kwenye viwanja vya Daytona na Talladega. Binafsi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Kiwanja cha Michigan, penye mwinamo wa nyuzi 18, hakikubanwa hivyo, na mwaka 2014 Jeff Gordon alifuzu kwa wastani wa 332.

Njia za kona za kushoto na kulia, kama Sonoma, mwendo hushuka tena kwa sababu ileile.

Ukitazama mbio zijazo, piga hesabu mwenyewe: gawanya mita za mzunguko kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6. Huo ni wastani. Kwenye mnyoofu gari linauzidi, kwenye kona linashuka chini yake.